Ukali si ubora: kuonja gongo la miwa mpakani

Tunduma na Nakonde zimetenganishwa na mpaka tu, lakini pombe ni ile ile. Chapwa, upande wa Tunduma nchini Tanzania, utasikia gongo au moshi. Ukivuka kwenda Zambia ni kachasu, jina lililotokana na cachaça, pombe ya miwa ya Brazil, ingawa kachasu ya leo hupikwa hata kwa mahindi.

Wanywaji wengi husifu ukali. Chupa hutikiswa, na mapovu yakikaa kama ushanga wanasema hii ndiyo yenyewe. Au humiminwa kidogo kifunikoni, kiberiti kikawashwa. Vipimo hivyo hupima kilevi, basi. Gongo kali linaweza kuwa limepikwa ovyo kabisa.

Mimi huanza na viganja. Matone mawili, sugua mpaka kilevi kiruke, kisha nusa kinachobaki. La miwa lililopikwa kwa subira huacha harufu ya sukari guru inayopoa. Harufu ya kuungua inamshitaki mpishi: alichochea moto, machicha yakashika chini ya pipa. Siki maana yake pombe ilichachuka mno kabla ya kuinjikwa. Likinuka kama rangi ya kucha, matone ya kwanza, yaani kichwa, hayakutupwa. Likinuka nguo mbichi, mpishi alikinga mpaka matone ya mwisho, yaani mkia, kwa tamaa ya kujaza chupa.

Lakini pua ina mpaka wake. Methanoli huwezi kuitofautisha kwa kunusa, na kwenye kiberiti huwaka vilevile. Miwa ikichacha hutoa methanoli kidogo mno. Maafa huja muuzaji anapochanganya ya viwandani. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa hivyo. Risasi inayotoka kwenye rejeta ya gari iliyotumika badala ya mrija wa shaba nayo haionekani. Kwa hiyo chupa usiyojua imetoka kwa nani usiionje, hata ing'ae vipi.

Na kumjua mpishi ndiko kugumu. Sheria ya Moshi ya Tanzania ya 1966 inakataza kupika bila leseni, hivyo pipa huinjikwa usiku, kwa haraka, sikio likiwa njiani. Nani atapata utulivu wa kukata kichwa na mkia? Natamani siku moja niikute chupa ya gongo la miwa mezani, imeandikwa jina la mama aliyelipika.