Umbali wa Adui: Mapigano ya Ana kwa Ana katika Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Mtahiniwa akiulizwa aeleze sifa za shujaa katika utenzi wa vita, aghalabu hujibu: ni jasiri, ana nguvu, anaipenda jamii yake. Jibu hilo si kosa. Hata hivyo, linamfaa Fumo Liyongo kama linavyomfaa askari wa Vita vya Pili vya Dunia, na sifa inayomfaa kila mtu haimwelezi yeyote. Makala haya yanapendekeza swali jingine la kuanzia uhakiki: adui yuko umbali gani? Silaha ikibadilika, umbali baina ya wapiganaji hubadilika. Umbali nao ukibadilika, fani ya kazi hubadilika: nani anatajwa kwa jina, nani anapewa nafasi ya kusema, na nani anaitwa shujaa.

Tutapitia vizazi vitatu vya wapiganaji. Mifano ya historia tutaitoa zaidi pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Gasi hadi Vanga, ili mwalimu wa Msambweni au Diani aweze kuwaonyesha wanafunzi wake kwamba vita vinavyosimuliwa vitabuni havikupiganwa mbali na kwao.

Kizazi cha mshale na upanga

Tuanze na kisa cha Liyongo, kama alivyokitunga Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Maadui wa Liyongo wanapanga kumwua wakati atakapokuwa juu ya mkoma akiangua makoma. Mpango huo unafuata kipimo cha mshale: wanataka awe karibu, wazi, na mikono yake iwe na kazi. Liyongo anautambua ujanja, anabaki chini na kuyaangusha makoma kwa mishale yake. Baadaye anauawa na mtu wa karibu kuliko wote, mwanawe, kwa shaba kitovuni. Anakufa amepiga goti penye kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kuyaendea maji kwa sababu wanadhani yu hai.

Mhakiki aone jinsi kisa hiki kinavyopangwa na umbali. Nguvu ya shujaa ni eneo ambalo mshale wake unaweza kulifikia. Ndani ya eneo hilo hata maiti yake inaogopwa. Usaliti ndio njia pekee ya kulivuka.

Katika tenzi za kale kama ule wa Ras'l Ghuli, mpiganaji hutoka safuni, akajitaja na kumwita mwenzake. Majigambo yana maana hapa kwa sababu adui anayasikia. Ndiyo sababu si haki kuiita chuku ya tenzi hizi uongo mtupu. Mtu anayepigana kwa upanga humwona adui usoni, na adui wa karibu huonekana mkubwa. Chuku ni njia ya mtunzi ya kupima hofu hiyo.

Kizazi cha gobori, mzinga na bombomu

Gobori halikuuondoa ukaribu mara moja. Mpigaji alitia baruti, akashindilia, akatia risasi, akafyatua. Kisha alihitaji muda kabla ya kufyatua tena. Katika muda huo mwenye mkuki au sime aliweza kumfikia. Ukaribu uliondolewa na mzinga wa meli na bombomu. Mwezi wa Januari 1875 Akida Muhammad bin Abdallah, aliyekuwa amejifungia ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, alishindwa na makombora ya manowari za Waingereza. Abdallah bin Masud al-Mazrui aliutunga Utenzi wa al-Akida kuhusu mtu huyo. Ndani ya ngome kuna watu wenye majina na ugomvi wao. Baharini kuna meli, nayo haijigambi wala haijibizwi.

Kusini mwa Mombasa mambo yalikuwa tofauti kidogo. Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipopigana na Waingereza mwaka 1895, aliirudia ngome yake ya Mwele, bara ya Gasi, upande wa Milima ya Shimba. Msitu ulimsaidia kwa kuwa mwenye bombomu hawezi kumpiga asiyemwona. Wenyeji wa nchi hii walikuwa wameijua hekima hiyo zamani: makaya ya Wamijikenda, kama Kaya Kinondo karibu na Diani, yalifichwa msituni ili adui alazimike kuingia kwa njia nyembamba. Mwezi wa Agosti 1895 jeshi la Admirali Rawson liliiteka Mwele, lakini Mbaruk aliendelea kupigana hadi Aprili 1896, alipovuka mpaka na kuingia nchi ya Wadachi.

Msitu huo huo uliona kizazi kingine. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Arthur Wavell, aliyeongoza kikosi cha Waarabu wa pwani upande wa Waingereza, aliuawa Mwele mwezi wa Januari 1916. Mwaka mmoja kabla, tarehe 18 na 19 Januari 1915, Wajerumani waliizingira Jasini, ng'ambo ya mpaka karibu na Vanga. Askari wa Kihindi waliokuwa ndani walisalimu amri risasi zilipowaishia. Ushindi huo ulimgharimu Lettow-Vorbeck maafisa na risasi nyingi mno, hata akaona heri kuvizia kuliko kupigana waziwazi. Bunduki ilikuwa imebadilika tangu enzi ya Mbaruk, lakini kichaka kiliwarudisha wapiganaji karibu.

Fasihi iliyolikabili vyema tatizo hili ni ile ya Maji Maji (1905–1907). Katika tamthilia ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein, wanafunzi wengi huyaona maji kuwa ni ushirikina tu au ni ishara ya umoja. Ishara ya umoja ipo. Lakini tulitazame jambo hili kwa jicho la mpiganaji. Baina ya mkuki wake na bunduki ya Mdachi kuna uwanja, na uwanja huo ndio unaoua. Maji ni ahadi kwamba ataweza kuuvuka. Ndiyo sababu Kitunda, anayejua vita, anamtaka Kinjeketile mwishoni akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Na ndiyo sababu ukataaji wa Kinjeketile una uzito. Mmoja anauhesabu uwanja uliojaa maiti, mwingine anawafikiria watakaozaliwa.

Kizazi cha redio na kombora

Shaaban Robert katika Utenzi wa Vita vya Uhuru anavisimulia vita vya 1939 hadi 1945 ilhali yeye mwenyewe hakuwa askari. Umbali umekuwa wa mtunzi pia: habari zinamfikia, naye anazipanga. Wanaopigana ni mataifa. Katika Vita vya Kagera (1978–1979), ambavyo Henry Muhanika alivitungia utenzi uliochapishwa mwaka 1981, silaha yenyewe ilipata umaarufu. Makombora ya mfululizo yalipewa na askari jina la "saba saba", nalo jina hilo likavuma. Zamani shujaa ndiye aliyekuwa na lakabu. Sasa lakabu imepewa mtambo.

Je, mapigano ya ana kwa ana yamekwisha? La hasha. Askari wa Kenya walioingia Somalia Oktoba 2011, na waliopelekwa msitu wa Boni mwaka 2015, walikuta vichaka na nyumba ambamo adui huweza kuwa hatua chache tu. Kilichobadilika ni sauti. Liyongo angejitaja, askari wa leo hunyamaza, huwasiliana na wenzake kwa ishara na redio, na adui akijua jina lake ni hatari. Ushujaa umehama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa kikosi. Mtunzi anayemwandikia askari huyu majigambo ya kale atakuwa amekosea fani hata kama nia yake ni njema.

Hitimisho

Tumeona kwamba umbali haukuongezeka kwa mstari ulionyooka. Mzinga uliwatenga wapiganaji, msitu ukawakutanisha, kombora likawatenga tena, na nyumba za mijini zikawakutanisha. Mhakiki asiseme basi kwamba tenzi za kale ni za ndoto na kazi za leo ni za uhalisia. Kila kizazi kimesema kweli kwa kipimo cha silaha yake.

Lipo pia deni. Vita vya Mbaruk havimo katika vitabu teule tulivyozoea kufundisha, ilhali Gasi ni jirani ya Msambweni. Utafiti wa nyanjani ni sehemu ya somo la fasihi simulizi. Mwalimu awatume wanafunzi wawaendee wazee kwa adabu, waandike mighani wanayosimuliwa, kisha waulize: katika kisa hiki, adui yuko umbali gani, na je, ana jina?

Maswali ya kudurusu

1. "Nguvu ya Liyongo inaonekana hata baada ya kifo chake." Fafanua kwa kurejelea tukio la kisimani.
2. Eleza nafasi ya maji katika tamthilia ya Kinjeketile, ukizingatia silaha za pande zote mbili.
3. Majigambo hufaa vita vya aina gani? Toa sababu nne.
4. Kusanya mighani moja ya vita kutoka kwenu, uihakiki kwa kuzingatia wahusika, mandhari na chuku.