Karata tatu: kichekesho hiki kimetoka wapi?

Jumamosi moja katikati ya Durban, karibu na soko la Victoria Street, nilimkuta kijana akichekesha watu kwa karata tatu. Anajifanya haoni kwamba kona ya malkia imekunjwa. Sisi sote tunaiona, tunacheka, tunainyooshea kidole. Akifunua, kumbe siyo yenyewe! Mwenzangu akasema: huo ubunifu wa Durban.

Hapana jamani. Majina yetu ya kopa, shupaza, uru na pau ni ya Kireno, kwa hiyo karata zilivyofika pwani tunajua. Lakini mzaha wenyewe una ukoo mwingine. Ile kona Erdnase aliifundisha kitabuni mwaka 1902, kule Chicago. Na kujifanya mjinga ndiko kulikomlisha Canada Bill Jones, tapeli wa meli za mto Mississippi aliyefariki 1877: alivaa kishamba, watu wakadhani wao ndio wanaomwibia.

Sasa kijana hakubuni kitu? Amebuni, tena kikubwa. Kwa matapeli kicheko kilikuwa chambo. Wangapi kati yetu tuliliwa nauli Kariakoo huku tunacheka? Huyu hapokei dau. Mtu akipeleka mkono mfukoni anamzuia: "Hiyo mtumie mama nyumbani." Hapo wengi wanacheka zaidi, na wachache wananyamaza.

Lawama yangu ni moja: anarudia mara nne, na mbili zingetosha. Mwenye kumbukumbu za karata tatu za Mombasa au Kigoma atujuze, tulinganishe.