Sauti Juu ya Sauti

Kibanda cha video cha kwetu Lucky Summer, Nairobi, kilikuwa cha mabati, na kiingilio kilikuwa shilingi 10. Jumapili moja iliwekwa Banlieue 13, filamu ya Kifaransa ya mwaka wa 2004. Sisi tuliosomeshwa kwa Kiingereza hatukujua hata neno moja. Benchi la nyuma alikaa jirani kutoka Bukavu, aliyesomeshwa kwa Kifaransa. Tulimwita Papa, kama Wakongo wanavyomwita mwanamume mtu mzima.

Mwigizaji David Belle anakimbizwa, mlango uko mbele yake. Anajirusha, miguu inatangulia, anapenya kijidirisha cha juu ya mlango na kutokea upande wa pili. Msimuliaji, aliyekuwa akitutafsiria filamu kwa Kiswahili, alinyamaza kabisa, akaacha viatu na pumzi visikike. Staringi alipotua ndipo aliposema, taratibu: "Huyu amezaliwa ghetto." Kibanda kizima kikalipuka.

Mpaka leo nauheshimu ule unyamavu. Msimuliaji anaongea juu ya sauti za watu wengine: anaishusha filamu apate nafasi, anaipandisha risasi zinapolia, na mdomo wa mwigizaji ukifungwa kabla yeye hajamaliza, keshachelewa. Lazima awe ameitazama filamu mara nyingi ndipo ajue pa kupumua. Kenya nzima inamjua DJ Afro kwa kazi hiyo. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, na Waganda wana VJ Jingo wao kwa Kiganda.

Naipenda pia runinga ya habari ya Africanews, iliyoanza mwaka wa 2016 ikitangaza kwa Kiingereza na Kifaransa. Ni kazi kubwa. Lakini pale kila mtu huchagua lugha yake na kutazama peke yake. Msimuliaji alituweka benchi moja, mimi na Papa, tukacheka kwa pamoja. Papa alikuwa ameshasikia maneno yenyewe, lakini bado alimsubiri msimuliaji.

Katika filamu ile serikali imeuzungushia mtaa ukuta, na polisi wanafunga kituo wanaondoka. Hakuna aliyehitaji kuelezwa hilo. Korogocho iko hapo jirani. Neno moja tu msimuliaji hakuligusa, lile la kwenye jina la filamu. Tulipokuwa tunatoka, kijana mmoja akamuuliza Papa maana yake.

Papa alisimama mlangoni, akatazama upande wa Dandora.

"Ni kando ya muji," alisema. "Kama hapa tu."