Lugha ya Kumpima Mzee: Uhakiki wa Maswali ya Muuguzi Mwanafunzi

Matini tunayoihakiki hapa si shairi wala riwaya. Ni orodha ya maswali ya kupima akili iliyotungwa Marekani na Folstein na wenzake mwaka 1975, nayo ni miongoni mwa vipimo mashuhuri katika utunzaji wa wazee. Jumla yake ni alama 30. Kwa kawaida, apataye chini ya 24 hushukiwa kwamba akili yake imedhoofika.

Tuchukue mfano wa muuguzi mwanafunzi anayejiandaa kwenda wodini kumhoji bibi wa Kagio, mji wa soko ulio kati ya Sagana na Kutus katika Kirinyaga. Mwanafunzi amesomea kazi yake kwa Kiingereza. Bibi ana Kikuyu chake na Kiswahili cha sokoni. Basi maswali hutafsiriwa papo hapo.

Swali mojawapo lahusu majira. Mwanafunzi aliyefunzwa Kiswahili sanifu atatarajia "masika" au "vuli". Bibi akitaja njahĩ, yaani msimu wa mvua ndefu uitwao kwa jina la zao lake, amejibu sawasawa. Msimu wa mvua fupi nao huitwa kwa mwere. Asiyejua hayo atampa sufuri. Swali jingine hutaka mgonjwa akariri kifungu kilichoundwa kwa viunganishi vya Kiingereza. Ugumu wake umo katika sauti za lugha hiyo. Kikitafsiriwa, kilichokusudiwa kupimwa hakipo tena. La tatu hudai neno la herufi tano liendelezwe kinyumenyume. Kwa bibi asiyepata kuingia darasani, hapo hapimwi akili, hupimwa shule.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mzee akichanganyikiwa ghafla, huenda ana ambukizo, amepungukiwa na maji mwilini, au dawa zimemdhuru. Yafaa aonwe na daktari siku hiyohiyo. Lakini Kiswahili chetu cha kila siku huita hali hiyo "kuchanganyikiwa", na usahaulifu unaokuja polepole kwa miaka pia huitwa vivyo hivyo. Neno hilo likiandikwa peke yake katika faili, mzima hupewa ugonjwa asiokuwa nao, na mgonjwa mahututi huambiwa ni uzee tu.

Huenda ikasemwa kwamba mjukuu aliye kando ya kitanda atafasiri. Hatari ni kwamba mjukuu anaweza kujibu badala ya kufasiri. Msaada wake mkubwa ni kujibu swali ambalo mgonjwa mwenyewe huenda asiliweze: "Cucu amekuwa hivi tangu lini?" Jibu la hilo laweza kuokoa maisha.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba vyuo vinavyofunza uuguzi, kikiwamo Chuo Kikuu cha Kirinyaga kilichoko Kutus, viwashirikishe wataalamu wa lugha na wazee wenyewe katika kutunga maswali upya, si kuyatafsiri. Na hayo yafanyike kabla mwanafunzi hajaingia wodini.