Chema Chajiuza? Wenye Redio na Kiswahili cha Jinja na Mbale

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi walimu wa Kiswahili wa Uganda ya mashariki tumeuamini mno msemo huu. Tumedhani kwamba kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya Afrika Mashariki nzima, kitajiuza chenyewe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba redioni hakuna lugha inayojiuza. Lugha huuzwa, na wauzaji ni wawili: mwenye kituo na mwenye tangazo la biashara. Tumezoea kuwahakiki waandishi wa riwaya na tamthilia. Umefika wakati wa kuwahakiki wafanyabiashara hawa pia, maana maneno yao huwafikia watu wengi kuliko riwaya yoyote tunayofundisha.

Tuanze na historia kwa ufupi. Utangazaji wa redio nchini ulianza mwaka 1954, nao ukabaki mikononi mwa serikali kwa takriban miaka arobaini. Mwishoni mwa 1993 mlango ulifunguliwa, zikaingia Radio Sanyu ya Thomas Katto na Capital Radio ya William Pike na Patrick Quarcoo, zote za Kampala. Waanzilishi hao waliuza Kiingereza na muziki kwa kijana wa mjini mwenye fedha mfukoni. Mwaka 1996 ikaja CBS ya Mengo, ikathibitisha kwamba Luganda nacho kinaleta matangazo. Somo hilo lilisafiri hadi kwetu. Jinja ikapata NBS ya Nathan Igeme Nabeta, Kiira FM, na baadaye Baba FM ya Moses Balyeku. Mbale ikapata vituo kama Step FM na Open Gate FM.

Haki itendeke: wenye redio hawa walifanya kazi ambayo vyuo havikuifanya. Lusoga kilikuwa kimeishi muda mrefu chini ya kivuli cha Luganda, shuleni na kanisani. Redio za Jinja zilikipa saa, watangazaji na wadhamini. Mzee wa Kamuli akasikia bei ya mahindi kwa lugha yake. Lumasaba nacho kilipata sauti upande wa Mlima Elgon. Mwanaisimu yeyote anayezijali lugha za jamii hana budi kushukuru.

Hata hivyo, kuna kosa katika hesabu yao. Mwenye redio huhesabu wasikilizaji kwa makabila: Wasoga ni wangapi, Wagisu ni wangapi, Wateso je? Kiswahili hakina kabila la kuhesabiwa hapa kwetu, kwa hiyo katika daftari lake kinaonekana kama sifuri. Laiti angehesabu kwa shughuli badala ya kabila! Barabara kuu kutoka Malaba na Busia inapita Jinja, na dereva wa lori aliyetoka Mombasa hazungumzi Lusoga na fundi wa magurudumu. Mjini Mbale hukutana Mgisu, Mteso, Msabiny, Mgwere na Mnyole, na mara nyingi mnunuzi kutoka Kenya yumo katikati yao. Watu hao hupatana bei kwa lugha gani? Mara nyingi kwa Kiswahili, hata kama ni kile cha kuokoteza. Lugha inayokamilisha biashara sokoni hupewa nafasi ndogo katika redio inayoishi kwa biashara.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili kinaogopwa. Nao wana hoja. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi wanakikumbuka kama sauti ya kambi za jeshi, lugha ya kuamriwa lala chini. Tangazo la biashara hubembeleza, haliamrishi. Mfanyabiashara mwenye busara hatataka sabuni yake isifiwe kwa sauti ya kizuizi cha barabarani.

Lakini tazama ushahidi wa upande wa pili. Pike na Quarcoo, wale wale walioanzisha redio ya Kiingereza Kampala, walikwenda Nairobi wakaanzisha Radio Africa. Walianza na Kiingereza, kwa Kiss FM mwaka 2000, lakini baadaye kampuni hiyo ikawa na Radio Jambo, redio ya Kiswahili inayojulikana kwa kandanda. Kwa hiyo hawakukidharau Kiswahili. Walikwenda walikoona wanunuzi wake. S. K. Macharia wa Royal Media anauza Kiswahili kwa Radio Citizen, na wakati huo huo anauza Kiluhya kwa Mulembe FM, lugha iliyo jirani kabisa na Lumasaba. Kwake lugha ya jamii na Kiswahili ni bidhaa mbili katika duka moja, na hakuna inayoifukuza nyingine.

Tanzania inatufundisha zaidi. Nilipokuwa nasomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, nilipanda daladala kila asubuhi nikisikiliza Radio One, kituo ambacho Reginald Mengi alikianzisha mwaka 1994. Taarifa ya habari, salamu, tangazo la dawa ya mswaki, vyote vilikuwa katika Kiswahili kisichoomba radhi. Yapo ya kumkosoa Mengi: kitabu cha maisha yake, I Can, I Must, I Will, kilichotoka mwaka 2018, kiliandikwa kwa Kiingereza, ilhali hadhira yake aliijenga kwa Kiswahili. Joseph Kusaga na Ruge Mutahaba wa Clouds FM nao waliupa muziki wa Bongo Fleva jukwaa na soko. Leo nyimbo hizo zinapigwa na redio za Jinja na Mbale. Mwanafunzi wangu anayeshindwa kupatanisha ngeli darasani huimba ubeti mzima bila kosa akiwa juu ya bodaboda. Ni lazima tukiri kwamba wafanyabiashara wawili wa Dar es Salaam wameingiza Kiswahili katika masikio ya vijana wetu kwa urahisi kuliko muhtasari wetu wa masomo.

Sasa tugeukie lugha ya matangazo yenyewe. Tangazo la Kiswahili linaloletwa kwetu mara nyingi huwa limeandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha likapewa mtu yeyote aliyewahi kuishi Kenya alitafsiri. Matokeo yake ni kama mfano huu niliotunga, ambao msikilizaji wa redio zetu atautambua: "Nunua sasa na usimame nafasi ya kushinda pikipiki." Kwa Kiswahili hakuna anayesimama nafasi. Mtu hupata bahati, hubahatika, huenda akajishindia. Muuza nyanya wa Mbale hufanya vizuri zaidi: "Wahi mama, zinaisha!" Maneno matatu, na mteja keshageuka. Linganisha na Safaricom ya Kenya chini ya Michael Joseph, aliyeiongoza tangu 2000 hadi 2010. Kampuni hiyo ilichukua kitenzi sambaza ikakipa maana mpya ya kumgawia mwenzako salio la simu, na mwaka 2007 ikachukua pesa ikaunda M-Pesa, jina linaloeleweka hata kwetu bila tafsiri. Huko lugha ilitumika kubuni.

Je, lawama zote ni za wenye redio? La hasha. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulikifanya somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza mwaka 2020. Baraza la Mawaziri likaidhinisha tena hadhi yake Julai 2022. Karatasi tunazo za kutosha. Lakini ni mhitimu gani wetu anayeweza kuingia ofisi ya meneja wa matangazo akiwa na tangazo la sekunde thelathini, lenye mdundo na utani, lililo tayari kurekodiwa? Tunamfundisha kuandika insha na barua rasmi, kisha tunashangaa anapokosa kazi pale ambapo lugha inalipwa.

Mapendekezo yangu ni mawili. Kwanza, uandishi wa matangazo uingizwe katika kozi yetu ya matumizi ya lugha, na wanafunzi waende kuusikiliza msamiati wa soko la Jinja na la Mbale kabla ya kufungua kamusi. Pili, idara iwapelekee wenye vituo kipindi kimoja cha majaribio, cha madereva na wachuuzi, kwa Kiswahili wanachokielewa. Tusiende kulia kwamba lugha yetu inaonewa. Twende na mali mkononi, tuitaje bei yake, na mwenye redio apige hesabu upya.