Gari Lililomwachia Fundi Nafasi

Kusi ikishika Mambrui, pwani ya Kenya, chumvi haibishi hodi. Hupenya vitasani, hutanda juu ya mabati, hula misumari ya milango hadi vichwa vyake vikabaki unga mwekundu. Kaskazini kidogo, Gongoni, watu huivuna kwa makusudi katika mabwawa ya maji ya bahari. Hapa mjini huja yenyewe, wala haina siku ya mapumziko. Mwenye kutaka kujua chuma fulani kilifuliwa na mtu wa namna gani, na akiegeshe Mambrui upande wa baharini, kisha asubiri.

Magari ya kale ya Ujerumani, yale ya miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, huwa yanasifiwa mahali pasipo chumvi. Huko Nairobi, kwenye maonyesho ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, majaji hukagua usafi wa gari mpaka uvunguni. Ni jambo zuri, nami hupenda kuangalia gari lililong'arishwa. Ila king'aacho hapo ni kazi ya juma lililopita. Kazi ya yule aliyelibuni gari haionekani mpaka gari liharibike.

Na hapa kwetu ndipo yalipopewa nafasi tele ya kuharibika. Mwaka 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa, wapenda magari wa Afrika Mashariki walianzisha mashindano wakayaita Coronation Safari, yaliyokuja kuwa Safari Rally. Magari yalipangwa makundi kwa bei ya dukani, nayo yalitakiwa yawe yale yale ambayo mtu yeyote mwenye fedha angeyanunua. Mwaka 1954 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda kwa Volkswagen, lile la mgongo wa kobe. Mwaka 1955 ukaenda kwa Ford. Mwaka 1956 Eric Cecil, mmoja wa waasisi wenyewe, akashinda kwa DKW. 1957 Volkswagen tena. 1959 na 1960 Bill Fritschy na Jack Ellis kwa Mercedes 219. 1961 John Manussis kwa Mercedes 220 SE. 1962 Tommy Fjastad akairudishia Volkswagen taji lake. Ushindi mara saba kwa magari ya Ujerumani katika miaka tisa, juu ya njia ambazo mvua za masika huzigeuza tope la kumeza magurudumu.

Ushindi huo umeandikwa sana. Yanayonivuta mimi ni yale ambayo hayakuandikwa: gari limezimika usiku, kijiji kiko mbali, na watu wawili wameshuka na tochi. Magari hayo hayakufika kwa kuwa hayakuharibika. Yalifika kwa kuwa yalitengenezeka.

Tazama mkanda wa feni wa Volkswagen. Injini iko nyuma, silinda nne zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, nayo haipozwi kwa maji bali kwa hewa. Hakuna rejeta ya kuvuja. Feni na dainamo zimepandishwa juu ya shafti moja, na mkanda mmoja unazizungusha zote mbili. Mkanda ukikatika, dainamo husimama na taa nyekundu ya chaji huwaka mbele ya dereva. Asiyejua huidharau: si betri tu, tutafika. Anayejua huzima injini papo hapo, maana taa hiyo hiyo inamwarifu kwamba feni imekoma na vichwa vya silinda vinaanza kuungua. Habari mbili kwa taa moja, na hakuna kifaa cha ziada kilichonunuliwa kwa ajili hiyo.

Kisha anafungua kifuniko cha nyuma. Anatia bisibisi kwenye pengo la puli ya dainamo ili isizunguke, anafungua nati moja, na puli inaachana mapande mawili. Anavisha mkanda mpya. Ukilegea, hupunguza washa nyembamba zilizokaa katikati ya mapande hayo. Ukikaza mno, huziongeza. Na washa alizozitoa katikati hatii mfukoni. Huzivisha nje ya puli, chini ya nati ile ile, zikae hapo hadi zitakapohitajika tena. Mtu aliyekaa mbele ya meza ya kuchorea, kule Ujerumani, alifikiri juu ya mtu mwingine asiyemjua, aliyepiga magoti gizani na vidole vyenye grisi, akajua kuwa huyo atapoteza washa. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, kuliko umbo la bodi na kuliko kasi.

DKW nayo ilikuwa na busara yake. Silinda tatu, hakuna vali, hakuna pampu ya oili. Oili ilichanganywa ndani ya petroli, na vipande vikuu vinavyozunguka na kupanda na kushuka ndani ya injini vilikuwa saba tu: pistoni tatu, konrodi tatu na kranki moja. Mvuvi wa Ngomeni aliyezoea mashine ya boti ya kuchanganyia oili angeielewa injini hiyo kabla hajaonyeshwa, na moshi wake wa buluu ungemkumbusha kazini. Mercedes niipitie haraka, maana wanaoisifu hawakosekani. Wanasiasa wetu waliisifia vya kutosha, hadi raia wakawatungia wenyewe jina la Wabenzi. Nitasema tu kwamba iliyostahili heshima zaidi haikuwa ile ya waheshimiwa, bali 180 D na 190 D za dizeli, zisizo na plagi za cheche wala pointi za kuharibiwa na unyevu, zilizobeba abiria wa teksi mpaka viti vikaisha kitambaa.

Turudi kwenye chumvi, kwa sababu sifa isiyopita mtihani wa Mambrui ni sifa nusu. Chini ya milango ya Volkswagen, kila upande, kuna mfereji wa bati ulio wazi ndani, unaopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini mpaka miguuni mwa abiria. Wakati wa theluji ya Ujerumani hiyo ni rehema. Mambrui, ambako watu huendesha vioo vimeshushwa hata usiku wa manane, hakuna aliyewahi kuihitaji. Lakini mfereji huo si wa joto tu. Ndio unaoshikanisha bodi na sakafu, ndio uti wa mgongo wa ubavuni. Maji ya mvua na mchanga wa matairi huingia humo yasitoke, na bati likaoza kwa ndani huku rangi ya nje ikicheka. Kwa hiyo gari la Mambrui hufa kwa maradhi ya baridi ambayo halijawahi kuiona.

Hapo ndipo unapoanza ufundi wa pili, ambao hauna jina lililobandikwa kwa nikeli kwenye bonneti. Fundi wa bodi anayeijua kazi haanzi kwa kukata. Kwanza huchomelea vyuma vya kushikilia katika nafasi ya mlango, nguzo hadi nguzo, maana akiuondoa mfereji bila hivyo, bodi itajikunja katikati na milango haitafunga tena maisha. Kisha hukata bati bovu mpaka afike kwenye bati linalolia likigongwa. Hukunja kipande kipya kwa nyundo juu ya kipande cha reli, hukipima, hukitoa, hukikunja tena. Anapochomelea haendi moja kwa moja: hupiga nukta hapa, nukta kule, akiliacha bati lipoe, kwa kuwa moto ukikaa mahali pamoja bati hututumka. Hupaka rangi ya kuzuia kutu hata pale ambapo hakuna jicho litakalofika.

Wako pia mafundi wa puti. Hawa hawakati kitu. Hufukia tundu kwa puti, hupiga msasa, hupulizia rangi, na gari huondoka gerejini likiwa bibi harusi. Kusi moja tu, na puti hubanduka kwa mapande. Ndiyo maana wanunuzi wenye akili huenda na sumaku, aghalabu ile ya spika ya redio mbovu, wakaipitisha taratibu kwenye bodi. Penye bati hunasa. Penye puti huanguka.

Wajerumani walimrahisishia kazi huyu fundi wa pili bila kumjua. Mabawa manne ya Volkswagen, yale yanayofunika magurudumu, hayakuchomelewa. Yamefungwa kwa bolti, na lililobondeka hutolewa likawekwa jingine bila kuugusa mwili. Injini nzima inashikwa kwenye gia kwa bolti na nati nne. Ukiwa na jeki na msaidizi, unaishusha, unaivuta nje, unaitengeneza ukiwa umekaa kitako kivulini. Linganisha na baadhi ya magari ya leo, ambayo kubadilisha balbu ya taa ya mbele hudai kwanza kung'oa bampa.

Tusisifu hadi tukapofuka. Kiwanda kilichozaa Volkswagen, mahali paitwapo leo Wolfsburg, kiliwekewa jiwe la msingi na Hitler mwaka 1938. Wananchi zaidi ya 300,000 walichangishwa akiba ya kununulia gari hilo, na hakuna hata mmoja aliyelipata kwa mpango huo; vita vilikuja, na humo kiwandani wakafanyishwa kazi kwa nguvu mateka na watu waliokamatwa nchi za watu. Ni baada ya 1945, chini ya usimamizi wa Meja Ivan Hirst wa jeshi la Uingereza, magari ya raia yalipoanza kutoka kwa wingi. Ustadi wa puli ile haumsafishi aliyejenga kiwanda. Na gari lenyewe lilikuwa na kasoro za kuua. Ekseli zake za nyuma zilikuwa za kujikunja, hivyo dereva akikata kona kwa pupa gurudumu lilijiingiza chini ya mwili na gari likataka kupinduka. Tangi la petroli lilikuwa mbele, karibu na miguu yake. Sijui mzee yeyote aliyeliendesha akakosa kisa cha kusimulia.

Kuna ubishi ambao wapenzi wa magari haya hawaumalizi: gari lililokatwa na kuungwa kwa bati la hapa bado ni lile lile? Wengi wa wakusanyaji watasema hapana, na bei zao husema hivyo kwa sauti zaidi. Mimi nawapeleka kwenye kaburi la nguzo la Mambrui. Wajenzi wa kale walipachika bakuli za kaure za Uchina ndani ya chokaa na mawe ya matumbawe. Zilifinyangwa ziwe vyombo, na huenda mfinyanzi asingefurahi kuziona ukutani. Lakini zimetunzwa kwa sababu kuna mwashi aliyezipa kazi mpya na kuishika kazi hiyo vizuri. Wageni huja kutazama zote mbili kwa pamoja, kaure na chokaa, na hawaombi zitenganishwe.

Porsche 911 ya kale ni ya ukoo wa Volkswagen hiyo hiyo: injini nyuma, silinda zilizolala, hewa badala ya maji. Ujanani haikuwahi kushinda Safari. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo, mwana wa yule wa 1954, alimaliza nayo wa pili. Ilishinda uzeeni, mwaka 2011, Björn Waldegård alipoibuka wa kwanza katika East African Safari Classic, mashindano ya magari ya kale, naye mwenyewe akiwa amepita miaka 65.

Vijana wa gereji za barabara ya Malindi wamelelewa na magari ya kisasa kama Probox. Gari likikohoa, huchomeka mashine, husoma namba ya kosa, huagiza kifaa. Si uvivu, ndivyo magari hayo yalivyoumbwa. Kijana mmoja alipoletewa Volkswagen kuukuu isiyowaka, aliizunguka na mashine mkononi akauliza ichomekwe wapi. Mzee wa gereji akamwambia aiweke kando, asafishe pointi na kuziachia nafasi ya milimita 0.4, azungushe injini kwa mkono mpaka alama ya puli ikutane na kiungo cha injini, kisha afunge balbu ndogo kati ya koili na bodi, afungue swichi, na azungushe distributa polepole. Balbu ikiwaka tu, hapo ndipo cheche inapotoka, akaze. Kijana akaelewa mara moja. Kilichokosekana ni balbu, kwa kuwa gari lilikuwa la volti 6 na duka la vipuri lilikuwa na za volti 12 peke yake. Akatumwa kwa mafundi wa pikipiki.