Tindo na Majina Saba

Jiwe la Portland huchimbwa kusini mwa Uingereza, kwenye kisiwa chenye jina hilo katika jimbo la Dorset. Ni jiwe la chokaa, jeupe lisilong'aa, lililojengeka chini ya bahari kwa chembe ndogo za mviringo na maganda ya kombe na konokono. Mwashi akiletewa kipande chake hakimbilii tindo. Hulipapasa kwanza, akalitazama kwa upande huku mwanga ukipita juu yake, akitafuta ganda limelala wapi. Ganda ni gumu kuliko chokaa iliyolizunguka. Tindo ikilikuta katikati ya herufi, ukingo humeguka, na herufi iliyomeguka hairudishwi. Dawa yake ni kusawazisha uso mzima wa jiwe na kuanza upya.

Herufi huchorwa kwa penseli. Kisha fundi huishika tindo kwa pembe, ncha imelazwa, akaigonga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, mapigo mepesi yanayofuatana. Hukata upande mmoja wa mguu wa herufi, akageuka akakata upande wa pili, mpaka kuta mbili zikutane chini kabisa. Pale zinapokutana pana mstari, na mstari huo ndio unaompima fundi: unatakiwa unyooke kama mkuku wa jahazi, toka juu hadi kwenye kitako cha herufi. Ukiyumba kwa unene wa unywele, mtazamaji ataona kuna kasoro hata kama hawezi kusema ni nini. Ndani ya herufi hamna rangi. Tunachokisoma ni kivuli, kwa kuwa ukuta mmoja unapokea jua na mwingine unalikosa. Ndiyo maana maandishi yaliyokatwa vizuri husomeka sana asubuhi na alasiri, jua likiwa la upande.

Kupanga ni kazi ngumu kuliko kukata. Chukua jina TAYLOR. Mabawa ya T yametanuka juu, miguu ya A imetanuka chini, Y nayo imetanuka tena juu. Ukizipanga kwa rula, nafasi sawa kwa sawa, jina litaonekana limetoboka. Fundi huisogeza A mpaka iingie chini ya bawa la T, na Y ikaegemea bega la A. Sasa chukua WILKINSON. Humo kuna I, L, K, I na N, zote vijiti vilivyosimama wima, na hapo fundi hufanya kinyume: huziachanisha, la sivyo jicho halitajua herufi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Aliyewahi kuandika bango la duka kwa brashi anaijua taabu hii, ila yeye ana kitambaa cha kufutia.

Taylor na Wilkinson walikuwa watu wa ndege moja. Usiku wa tarehe 16 Mei 1943, ndege 19 za mabomu aina ya Lancaster za kikosi namba 617 cha jeshi la anga la Uingereza ziliruka kutoka Scampton, Lincolnshire, kwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani yaliyolisha viwanda vya Ruhr maji na umeme. Moja iliendeshwa na Vernon Byers, Mkanada. Alikuwa na Alastair Taylor, mhandisi wa ndege. James Warner, mwelekeza njia. Arthur Whitaker, mlenga mabomu. John Wilkinson, mtu wa redio. Charles Jarvie, mpiga bombomu wa mbele. Na James McDowell, mpiga bombomu wa mkiani, naye wa jeshi la anga la Kanada. Saa tano usiku kasoro dakika chache walipita karibu na kisiwa cha Texel, pwani ya Uholanzi, wakiwa wametoka kidogo nje ya njia waliyopangiwa. Mizinga ikawapata. Ndege ikaangukia kwenye maji ya Waddenzee, ya kwanza kupotea usiku ule.

Kulipokucha, ndege 8 hazikuwa zimerudi. Kati ya watu 133 waliokwenda, 53 walikufa na 3 walitekwa. Na huko walikokwenda, mabwawa ya Möhne na Eder yalipasuka, mafuriko yakaua watu zaidi ya 1,200, mamia yao wakiwa wageni waliopelekwa Ujerumani kufanyishwa kazi kwa nguvu. Siwezi kuisifu kazi ya kuandika majina ya wafu bila kuwataja hao pia.

Bahari ilimrudisha mmoja tu kati ya wale saba. Zaidi ya mwezi mmoja baadaye mwili wa McDowell uliokotwa, akazikwa kwenye makaburi ya mji wa Harlingen, Uholanzi. Yeye ana jiwe lake. Wenzake sita hawana kaburi.

Jiwe la askari katika makaburi yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, lina urefu wa sentimita 81 hivi na upana wa 38. Jenerali hapati kubwa zaidi, wala kuruta hapati dogo. Herufi zake zilibuniwa na MacDonald Gill, mchoraji ramani na mabango, na ni herufi za mtu aliyejua kwamba mama mzee atakuja kuzisoma kwa macho yenye machozi: nene, wazi, hazina madoido. Juu pana nembo ya kikosi, kisha namba, cheo, jina, tarehe na umri. Chini kabisa huachwa nafasi ya maneno ya familia. Baada ya vita vya kwanza vya dunia nafasi hiyo ilikuwa herufi 66, pamoja na mapengo kati ya maneno, na watu walilazimika kuyaingiza maisha ya mtoto wao humo.

Kwenye mawe ya askari wa anga kuna jambo jingine, na ndilo linalonishika mimi kuliko yote. Huandikwa kazi ya mtu ndani ya ndege. Rubani. Mwelekeza njia. Mlenga mabomu. Mpiga bombomu. Fundi aliyetumia miaka kujifunza kukata herufi anakata jina la ufundi wa mtu mwingine, kazi ya kijana aliyejifunza kusoma nyota kwa sekstanti kwenye baridi ya angani, au kukaa peke yake kwenye kibanda cha vioo mkiani saa nane mfululizo, akiangalia giza. Zaidi ya watu 55,000 wa kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza walikufa katika vita vya pili vya dunia, kati ya wapatao 125,000 walioruka nayo. Jiwe halisemi kwamba mtu alikuwa mmoja wa 55,000. Linasema alikuwa nani na alikuwa akifanya nini.

Majina ya wale sita wa ndege ya Byers yako kwenye mjengo wa kumbukumbu wa Runnymede, juu ya kilima cha Cooper's Hill, mto Thames ukipita chini. Mjengo huo ulibuniwa na Edward Maufe na kufunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 17 Oktoba 1953. Una majina zaidi ya 20,000 ya askari wa anga wasio na kaburi linalojulikana. Majina yamekatwa kwenye kuta za pembeni mwa madirisha membamba. Nauona uamuzi huo kuwa wa watu waliojua ufundi, maana mwanga unaoingia dirishani unapita juu ya herufi kwa upande, na upande ndiko herufi ya kukatwa inakotaka kuangaziwa.

Kuna jambo Runnymede linaloniuma. Majina yamepangwa kwa mwaka, kisha kwa jeshi, kisha kwa cheo. Byers yuko na Wakanada. Warner yuko na wa cheo chake, na Taylor, Wilkinson na Jarvie wako kwenye orodha ndefu ya masajini. Watu waliokufa dakika moja ndani ya ndege moja wametawanywa kwenye kuta tofauti, na ndugu anayetaka kuwasoma pamoja inambidi atembee. Kwa mtunza orodha ni utaratibu mzuri. Kwa marafiki, ningetamani wangewekwa bega kwa bega.

Bega kwa bega ndivyo walivyowekwa wengine. Baada ya vita jeshi la anga lilituma maofisa kuzunguka Ulaya kutafuta askari wa anga zaidi ya 41,000 waliokuwa hawajulikani walipo. Walifukua, wakasoma alama za dobi kwenye kola za mashati na namba za injini, na zaidi ya 23,000 wakapatiwa makaburi yenye jina. Lakini ndege iliyoanguka na petroli na mabomu yake mara nyingi haikuacha cha kumtofautisha mtu na mwenzake. Hao walizikwa pamoja, na mawe yao yakasimamishwa yakigusana, kila moja na jina lake, bila upenyo kati yake. Katika makaburi ya Reichswald, Ujerumani, penye askari zaidi ya 7,500, mgeni anayejua hilo anaweza kuwatambua watu wa ndege moja kabla hajasoma tarehe, kwa kuangalia tu mawe yaliyoshikana. Mwashi aliyeyapanga amesema habari nzima kwa kuondoa nafasi.

Si kila herufi kwenye mawe ya Tume ilikatwa kwa mkono. Mwaka 1923 mawe 4,000 kwa wiki yalikuwa yakisafirishwa kwenda Ufaransa, na mikono peke yake isingetosha. Mashine zilizofuata kiolezo zilifanya sehemu kubwa. Hata hivyo chokaa huliwa na mvua, na herufi hufifia. Jiwe likichakaa sana hubadilishwa. Likiwa bado zima, fundi huenda makaburini, akapiga magoti kwenye nyasi na kuikata upya herufi ileile palepale iliposimama. Huo naona ndio mtihani mkubwa kuliko kukata jiwe jipya. Lazima afuate mkono wa aliyemtangulia, azame chini kidogo tu kuliko yeye, asiongeze mapambo yake wala asirekebishe alichodhani ni kosa. Akimaliza vizuri, hakuna atakayejua alipita. Karakana ya Tume iliyoko Beaurains, karibu na Arras, Ufaransa, inapokea wageni tangu 2019, na anayetaka kuona kazi hii kwa macho anaweza kwenda.

Maneno kadhaa yaliyomo kwenye makaburi haya yalichaguliwa na mwandishi Rudyard Kipling, ambaye mwanawe aliuawa katika mapigano ya Loos mwaka 1915. Ni huyohuyo aliyeandika maneno ya sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927. Sanamu ni nzuri, imefanywa na mtu aliyejua shaba. Jina la mtu hata mmoja halimo. Makumi ya maelfu ya wapagazi na askari wa Afrika Mashariki walikufa katika vita vya kwanza, na wakubwa wa wakati ule waliona minara isiyo na majina inawatosha wote. Mwaka 2021 kamati iliyoundwa na Tume yenyewe ilikiri kwamba angalau watu 116,000, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa jina, na huenda idadi ikafika 350,000. Tume iliomba radhi, na kazi ya kutafuta majina imeanza.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna babu au babu wa babu aliyechukuliwa kubeba mizigo vitani na hakurudi, kaa na wazee wangali hai. Andika jina lake lote, na la baba yake, na kijiji alichotoka, na kazi aliyopewa kama inakumbukwa. Lipeleke kwa wanaokusanya majina hayo, ubaki na nakala nyumbani. Kisha tudai likatwe kwenye jiwe, herufi kwa herufi, kwa uangalifu uleule aliopewa Taylor.